Gitaa ni la Nani? Bendi za Vijana Malindi na Yanayobaki Baadaye

Kijana anayeanzisha bendi Malindi huanza kwa kutafuta mwimbaji. Angeanza kwa kuuliza vyombo ni vya nani. Sisi tuliopiga dansi tukiwa bado shuleni, harusini Barani na Shela, kwenye mahoteli ya Casuarina na Silversands, mara nyingine hadi Watamu na Mambrui, tumeona bendi zenye sauti nzuri zikivunjika kwa siku moja kwa sababu mwenye amplifaya alikuja kuibeba. Tumeona pia bendi za kawaida tu zikidumu, kwa kuwa kila plagi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana.

Njia za kupata vyombo si nyingi. Kuna hoteli inayonunua vyake na kuajiri vijana wa kuvipiga. Kuna kanisa au shule. Kuna mheshimiwa anayejitokeza karibu na uchaguzi. Kuna kununua wenyewe, kimoja kimoja, vya mitumba. Vyombo vya hoteli havitoki nje ya lango. Msimu ukifungwa vinafungiwa stoo, na bendi inabaki na koo zake. Vya mheshimiwa vinafuata kura. Vya kununua wenyewe ndivyo bora, ila ndivyo vinavyoleta ugomvi mkubwa zaidi, maana wanaochanga wakiwa na miaka 16 hawafikirii kwamba wakifika 19 mmoja atakwenda Mombasa, mwingine ataoa, na wa tatu atapata kazi Uarabuni.

Dawa ni daftari. Andikeni kila chombo, namba yake ya kiwandani kama ipo, tarehe ya kununuliwa, bei, nani alitoa kiasi gani. Halafu andikeni sharti la kuondoka: anayetoka anachukua chake binafsi, cha shirika kinapigiwa bei ya mtumba ya siku hiyo, si ile kilichonunuliwa, naye analipwa sehemu yake kwa awamu. Mzazi mmoja asiye na mtoto kwenye bendi aweke sahihi. Vijana hucheka kuambiwa hivi. Wacheke, lakini waandike.

Kwetu kugawana pesa kulikuwa rahisi zaidi kwa sababu wengi wetu tulitoka nyumba za wavuvi, na baharini mauzo hugawanywa mafungu, mashua nayo ikiwa na fungu lake. Bendi inaweza kwenda hivyohivyo. Tuseme malipo ya harusi ni shilingi 12,000 na wapigaji ni 6. Kwanza toa tuktuk na petroli ya jenereta, tuseme 2,000. Inabaki 10,000. Ikatwe mafungu 8: sita ya watu, mawili ya vyombo. Kila mtu 1,250, na 2,500 zinaingia kwenye kibati cha nyuzi, fyuzi na fundi. Bendi inayogawana zote 10,000 hukosa pesa ya uzi ikifika harusi ya tatu au ya nne, kisha inaanza kukopa uzi kwa bendi nyingine, na hapo heshima imekwisha.

Tuzo ni jambo la peke yake. Katika taarabu na hata katika chakacha, wageni huja mbele kumtunza mwimbaji, noti mkononi au kipajini. Mwimbaji akiweka mfukoni, mpiga besi anaona. Kanuni iliyofanya kazi kwetu ni kikapu kimoja mbele ya maiki, nusu ya mwimbaji, nusu ya wote. Kanuni yoyote inafaa, mradi iwe imesemwa kabla ya taa kuwashwa.

Ukiwa Malindi huna haja ya kwenda ufukweni kukutana na chumvi, inakufuata chumbani. Uzi wa chuma unaokaa miezi mahali pakavu, hapa unaanza kukwaruza baada ya wiki mbili, na kama gitaa linalala wazi karibu na dirisha la baharini, mapema zaidi. Kutu huanza upande wa chini wa uzi, pale unapokutana na freti, vile vipande vya chuma vya shingoni, kwa hivyo huioni mpaka uipapase kwa kidole. Kila mkimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi, kisha funga gitaa kwenye mfuko wake. Mfuko wa nailoni wenye unyevu ndani ni mbaya kuliko kutofunika, basi uanikwe kwanza.

Seti iliyowafaa vijana wengi ni ile inayoanza na uzi wa inchi 0.010 na kuishia na 0.046. Nyembamba zaidi ya hapo hukatika mikononi mwa anayepiga kwa nguvu, na vijana wote hupiga kwa nguvu. Uzi wa kwanza ukikatika, tazama umekatikia wapi. Ukikatika mara mbili kwenye kidaraja, kile kipande cha chuma mwilini mwa gitaa uzi unapokalia, palepale, usilaumu uzi wala duka: kuna ncha kali ya chuma pale. Kunja msasa laini namba 600, pitisha mara chache tu kwenye mfereji wa kidaraja, kisha sugua kwa penseli ya kawaida ili risasi yake nyeusi ilainishe njia. Ukikatikia kwenye kigingi cha kukazia, umezungusha vibaya. Mizunguko miwili au mitatu inatosha, ikishuka chini kwa mpangilio, isipandane.

Zamani duka la nyuzi lilikuwa Mombasa, na Mombasa ni mbali wakati harusi ni leo. Ndipo unyuzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli ulipofungwa mahali pa uzi wa kwanza. Unalia. Lakini unene wake hauko sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo ukiutyuni wazi unakuwa sawa, lakini ukiubana freti ya saba unapotoka, na kwa ugumu wake unakula freti. Ni wa kumalizia usiku mmoja, asubuhi uondolewe. Nyuzi za besi, zile nene zilizoviringwa, zina bahati nyingine: huchemshwa. Dakika kumi kwenye maji yanayochemka hutoa jasho na uchafu uliojaa kati ya mizunguko, uzi unarudisha mlio wake kwa siku kadhaa. Ukaushe kabisa juani kabla ya kuufunga, usije ukashika kutu kutoka ndani.

Gitaa linaweza kuwa na nyuzi mpya na bado likakataa kukubaliana na kinanda. Jaribio ni hili: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubana, usikie mlio wa kengele; kisha ubane freti ileile upige. Milio hiyo miwili lazima ilingane. Ikiwa ule uliobanwa uko juu, uzi ni mfupi mno, rudisha kidaraja chake nyuma kwa skrubu yake ndogo. Ikiwa uko chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa kila uzi, na utyuni upya kila unapokisogeza. Wengi hawajui skrubu zile ndogo ni za nini, wanaziacha zikashika kutu, kisha wanamlaumu mpiga kinanda.

Ngozi nazo zina tabia zao. Chapuo na msondo zilizowambwa kwa ngozi ya mbuzi hulegea usiku unyevu ukipanda, hasa wakati wa masika. Wazee huzipasha kwa moto wa makuti makavu au karatasi, ngozi ikitazama moto kwa umbali wa mkono mmoja, huku wakiigonga kusikiliza. Ukisogea karibu sana, ngozi inakauka upande mmoja na kupasuka ukingoni, na kupasuka kwa ukingoni hakushoneki. Chini ya makuti ya hoteli huwezi kuwasha moto, basi peleka ngoma mapema zianikwe jua la alasiri na kufunikwa kabla ya magharibi.

Hapa ndipo bendi za huku zinapotofautiana na za bara. Rumba na benga unaweza kujifunza kwa kusikiliza redio. Chakacha haiji hivyo. Ni ngoma ya wanawake ya harusini, leso imefungwa kiunoni na mwendo wote uko hapo. Ngoma zake ni chapuo, msondo na vumi. Waliofanya ikubalike kwenye magitaa ya mahotelini ni bendi kama Them Mushrooms, walioanza Mombasa mwaka 1972, na baada yao kila kijana wa pwani alitaka kuipiga. Wengi walikosea pa kuanzia. Hesabu yake ni sita. Keti kwenye kiti, weka mguu wa kulia sakafuni na kiganja cha kulia pajani. Hesabu moja hadi sita kwa mwendo sawa, bila kukimbia. Mguu ugonge kwenye moja na nne. Kiganja kigonge kwenye moja, tatu na tano. Mguu sasa unahesabu mbili na mkono unahesabu tatu ndani ya muda uleule, vikikutana kwenye moja tu. Mwanzoni mkono utataka kufuata mguu. Usiulazimishe, punguza mwendo mpaka uweze kuzungumza huku unagonga. Ukiweza kujibu salamu ya mtu bila kupotea, nenda kwenye dramu.

Kosa la mpiga dramu aliyezoea rumba ni kunyoosha zile sita ziwe nne. Halisikiki sana kwa wapigaji wenyewe, kwa sababu wote wanamfuata. Linaonekana kwa wanawake: viuno vinasimama, wanaanza kupiga makofi tu, kisha mmoja anakaa. Hapo usiongeze sauti. Mwambie mpiga gitaa la ridhimu anyamaze, besi apunguze noti, mwachie mkono wa hai-hati, yale matoazi mawili ya dramu yanayofungwa kwa mguu, peke yake na mguu kwa mizunguko minne, kisha rudini mmoja mmoja. Besi ndilo linaloharibu zaidi likijaza kila pigo. Chakacha inataka liache nafasi, limjibu mwenye msondo. Na kama yupo bibi anayejua kupiga chapuo, mwiteni mazoezini, mpeni kiti na chai, mwambieni: bibi, tupigie na wewe. Saa moja naye inafaa kuliko mwezi wa kaseti.

Mwimbaji wa miaka 14 ni hatari ya aina yake. Wimbo alioushika vizuri Januari, Agosti haufikii, koo limevunjika. Vijana huaibika, wanamlazimisha apande, naye anapasuka mbele ya watu. Shusha wimbo. Kutoka ufunguo wa C kwenda ule wa G chini ni nusu-sauti tano, na kwa wengi hapo panatosha kuvuka miezi ile migumu. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, haisaidii, maana kazi yake ni kupandisha tu. Wapiga magitaa lazima wajifunze vidole vipya. Ndiyo maana kila wimbo ufanyiwe mazoezi katika funguo mbili tangu mwanzo. Na mpumzisheni: nyimbo mbili aimbe, ya tatu iwe ya ala.

Umeme ndio uliowatisha wazazi wetu, na walikuwa na haki. Nyaya za bendi ni za aina mbili na hazibadilishani. Wa gitaa una uzi mmoja katikati uliozungukwa na wavu wa shaba unaozuia mvumo. Wa spika ni nyaya mbili nene sambamba. Ukitumia wa gitaa kwenye spika, unapata moto, na siku mbaya amplifaya inakufa. Ukitumia wa spika kwenye gitaa, unapata mvumo wa umeme usiku kucha. Hesabu ya omu, kipimo cha ukinzani wa spika, nayo ni ndogo lakini huua vyombo: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Kama nyuma ya amplifaya pameandikwa mwisho ni 4, hapo mmefika. Ya tatu ikiongezwa, hata kama kuna tundu, inashuka chini ya 3, amplifaya inapata joto, inajizima, inawaka, inajizima, kisha haiwaki.

Mvumo ukitokea, kuna mtu atakayependekeza kukata waya wa ardhi kwenye plagi. Kweli, mvumo hunyamaza. Lakini sasa gitaa na maiki vinaweza kuwa na umeme tofauti, na mwimbaji mwenye gitaa shingoni, peku kwenye mchanga wenye maji, akigusa maiki kwa mdomo, njia ya umeme ni mwili wake. Watu hufa hivyo. Mvumo huo mara nyingi unatokana na vyombo kuchomekwa soketi tofauti za nyumba. Leta vyote kwenye mstari mmoja wa soketi na utapungua au kuisha. Waya wa kurefushia ukunjuliwe wote, usiachwe umezungushwa, maana ukiwa umekunjwa na unabeba mzigo mkubwa hupata joto hadi kuyeyuka.

Jenereta ya kVA 2.5 inatosha bendi ndogo, taa mbili na maiki, mradi wapishi wasichomeke birika lao humo. Taa zikififia kila besi inapogonga, ndiyo dalili. Iwekwe mbali, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake, ili moshi na kelele viende zao. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi upande huo haufanani.

Mahali penyewe pana sauti yake. Chini ya makuti sauti kali humezwa, na unaweza kuongeza. Ukumbi wa mabati na sakafu ya saruji unarudisha kila kitu. Punguza sauti za juu za kati, elekeza spika kwa watu na si kwa ukuta, na usubiri watu wajae kabla ya kuamua, kwa sababu miili inameza sauti pia. Mluzi wa maiki unatokana na maiki kusikia spika yake. Spika ziwe mbele ya mwimbaji, yeye nyuma yazo. Na asishike kichwa cha maiki kwa kiganja kizima, ingawa waimbaji wote wa kwenye televisheni hufanya hivyo. Kukiziba ni kuualika mluzi.

Kusafirisha: spika ya inchi 15 inaingia kwenye tuktuk ikilala na uso juu, godoro jembamba chini yake. Mkokoteni unaitikisa mpaka skrubu zinalegea, na skrubu iliyolegea ndiyo ule mtetemo ambao mnautafuta usiku kucha mkidhani ni spika imepasuka.

Harusi ina adabu yake na bendi isiyoijua haiitwi tena. Arbuni ni nusu, ilipwe kabla ya siku yenyewe, na iulizwe wazi ni nani atakayelipa nusu ya pili, maana mwenye kuagiza, mwenye kulipa na mwenye kutoa amri usiku huo wanaweza kuwa watu watatu. Jua la Malindi huzama kati ya saa 12:10 na 12:40 jioni kulingana na mwezi. Jaribuni sauti mapema alasiri, nyamazeni magharibi, anzeni baada ya isha. Adhana ikisikika katikati ya wimbo, msimalizie. Mpiga dramu anyanyue fimbo, wote wakome. Penye sherehe ya wanawake, bendi hukaa upande wa nje au nyuma ya pazia, na macho yawe kwenye vyombo. Simu zikusanywe mlangoni hata kama hamjaombwa. Mvulana wa miaka 13 huvumiliwa pale ambapo wa miaka 18 hatavumiliwa, na hilo ni jambo bendi za vijana husahau: mnakua, na milango inajifunga.

Mwaka wa kazi una umbo lake. Mahoteli hujaa kuanzia Desemba mpaka Machi na tena Julai na Agosti. Aprili hadi Juni, mvua za masika, mengi hufunga. Harusi za Waislamu hazifanywi Ramadhani, kisha hujaa kuanzia mfunguo mosi. Likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba huangukia vizuri kiasi. Hotelini, mtindo ni dakika 45 za kupiga na 15 za kupumzika, na wakati wa chakula meneja atawaambia mpunguze. Punguzeni kabla hajaja. Wageni Waitaliano, ambao Malindi imewazoea tangu kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, San Marco, kilipojengwa karibu na Ngomeni miaka ya 1960, hufurahi kusikia wimbo mmoja wa kwao. Mmoja, si watano, wamekuja kusikia vya hapa. Na kwenye baa, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia panaponywewa pombe. Kuwa na gitaa mkononi si ruhusa.

Bendi nyingi huishia mtihani wa kidato cha nne. Hakuna anayetangaza. Mazoezi yanakosa mtu mmoja, kisha wawili, kisha mtu anauliza funguo za stoo ziko kwa nani. Waliokuwa na daftari huagana vizuri. Wasiokuwa nalo hukutana miaka baadaye kwenye msiba na bado kuna gitaa kati yao.

Baadaye njia hutengana. Waliokuwa wakishika chuma cha kulehemia wakawa mafundi wa spika na simu. Wachache walinunua vyombo vya kukodisha, na hao ndio waliopata pesa: mwenye spika na jenereta hulipwa na kila bendi, na kila di-jei, na kila mkutano wa hadhara. Wapo waliorudi kwenye kaswida na matari, wakaacha magitaa kabisa baada ya kuoa au kuhiji, na huenda wakaenda Lamu kwenye Maulidi ya mfunguo sita na mikono yao bado inajua kuhesabu. Aliyekuwa na hamu ya maqamu, ile mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, alikwenda kwa wapiga udi, wa njia ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Huko aligundua kuwa freti zilimfundisha uongo kidogo, kwa kuwa kuna sauti kati ya freti mbili ambazo gitaa halina. Halafu kikaja kinanda chenye midundo ndani yake. Mtu mmoja anafanya kazi ya watano kwa malipo ya wawili, na harusi nyingi zikaridhika. Sauti yake ni safi, na haina mtu ndani. Hayo ni maoni yangu. Wenye kulipa wana yao.

Linalobaki kwa wote ni masikio, na ndilo tusiloambiwa. Ukubwa wa sauti wa desibeli 85 sikio linauvumilia saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebaki na dakika 15. Bendi kwenye ukumbi wa mabati hufika 100 bila kujitahidi, na harusi huchukua muda wa saa nne. Mlio wa masikio asubuhi yake si uchovu. Hasara huanzia sauti za juu, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, kwa hivyo mtu haoni kwamba hasikii. Anaona kwamba watoto wake wanamumunya maneno, maana herufi s na f ndizo zinazopotea kwanza. Wapiga dramu huanza na sikio la upande wa hai-hati. Vizibo vya povu vya duka la dawa hupunguza vya kutosha, vikisokotwa vyembamba na kuingizwa ndani huku sikio likivutwa juu na nyuma. Pamba haisaidii kitu.

Mwenye miaka arubaini na kitu anayetaka kurudia gitaa lililokaa chini ya kitanda asianze kwa kulikaza. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo, moja moja kwa zamu, uzitoe, utazame shingo kwa kuliinua gitaa usawa wa jicho. Ikiwa imepinda, geuza skrubu ya ndani robo mzunguko tu, funga nyuzi mpya, uache siku nzima, ndipo utazame tena. Vitufe vya sauti vikikwaruza, vipulizie dawa ya kusafishia umeme, si mafuta, na uvizungushe mara ishirini kwenda na kurudi. Amplifaya usiichomeke ukutani moja kwa moja. Fundi huiunganisha kwa mfuatano na balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile yenye uzi wa kuwaka. Balbu ikiangaza ghafla kisha ikafifia, ndani hakuna hitilafu. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kilichogusana, zima papo hapo, upeleke kwa fundi; na usiifungue mwenyewe, kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Vidole vitauma wiki mbili au tatu mpaka ncha zikomae tena. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, polepole, mapigo 60 kwa dakika, ukiongeza manne tu kila mwendo unapokuwa safi.